Shingo ya Bi Twiga

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakialikana harusi na kupelekeana uji wa uzazi, Bi Twiga alikuwa mwalimu wa ngoma. Akipita, shingo juu, kila mtu hoi!

"Mazoezi tu, watoto," alijigamba. "Hata mimi nilikuwa na shingo fupi. Jinyoosheni!"

Binti Kiboko aliyaamini hayo. Dada yake alikuwa karibu kuolewa, naye alitamani sana kumchezea ngoma harusini. Lakini Bi Twiga alishamwambia, "Hutoki mbele za watu mpaka shingo irefuke."

Basi Kiboko akawa anajining'iniza kwenye tawi kwa kidevu, macho yamemtoka. Kacha! Tawi likakatika. Puu! Akaanguka, akalia kwa kwikwi.

Rafiki yake Pimbi, ambaye hata kapu hajazi, akamfuta machozi. "Utajiua, mwenzangu! Bi Twiga kajifungua. Kesho sote tunampelekea uji. Niachie mimi."

Kesho yake wanafunzi wakajaa kwa mwalimu, kila mmoja na chungu chake. Pimbi akamchungulia mtoto, akaguna.

"Mmh! Hongera, shangazi. Mtoto mzuri, ila pole, shingo hana."

"Nini?"

"Si kosa lake. Hajaanza mazoezi."

"Wee Pimbi, koma!" Bi Twiga akamsimamisha mwanawe. "Hana shingo? Mtazameni! Kazaliwa nayo, kama mimi, kama mama yangu, kama bibi yangu!"

Wanafunzi wakatua vyungu vyao chini.

Kiboko akauliza polepole, "Kumbe ni ya kuzaliwa, mwalimu?"

Bi Twiga akameza mate, na kwa shingo ile yalichelewa kufika. Akaiona michubuko kidevuni mwa Kiboko, huruma ikamjaa.

"Ni ya kuzaliwa, mwanangu. Nisamehe. Mazoezi yalinipa mkao na hatua tu. Hebu nichezee."

Kiboko akacheza. Mwili ule ule mnene, lakini mgongo wima, mabega yametulia, nyayo zinatua kwa upole hata uji vyunguni haukutikisika.

"Lahaula!" Bi Twiga akashika mdomo. "Haya yote ulikuwa nayo, nami nakutazama shingo?"

Siku ya harusi Kiboko alitoka mbele, shingo fupi vilevile. Bibi harusi alishindwa kukaa, akaja kumkumbatia huku akilia kwa furaha. Na aliyepiga vigelegele kuliko wote alikuwa Bi Twiga.

Umbo unazaliwa nalo, wanangu. Kucheza ndiko unakokutafuta kwa jasho.