Unga wa Mrindoko na Madoa ya Mbawala

Kabla milima ya Ikweni haijalimwa, mbawala alikuwa na rangi moja tu, hudhurungi kuanzia masikioni hadi kwatoni. Hakuwa na doa ubavuni, wala weupe kooni. Akisimama penye majani makavu, mtu angeweza kumpita kwa hatua tano asimwone.

Wawindaji wa siku hizo nao hawakuwa kama wa leo. Sheria yao ilikuwa moja: mnyama ni wa yule atakayetangulia kumwekea mguu. Haikuulizwa mshale ni wa nani. Kwa hiyo mtu akikuta damu ya mnyama aliyejeruhiwa na mwenzake, aliifukia kwa kisigino ili mwenye mshale apotee njia, kisha akaifuata peke yake. Wanyama wengi walioza vichakani kwa sababu hiyo, na majirani wengi walipitana mtoni bila salamu.

Mrindoko alikuwa mwindaji wa mgongo wa mashariki. Ng'ambo ya bonde, mgongo wa magharibi, aliishi Senkondo. Watu hawa wawili walikuwa wakwe, kwani Namkunda, binti wa Mrindoko, aliolewa na kijana wa Senkondo. Walipendana kwa utani, na utani wao ulikuwa na makali kidogo kila ulipogusa upinde.

Namkunda alijifungua mtoto wa kike mwanzoni mwa majira ya ukungu. Kwa desturi ya huko, mtoto hutolewa nje siku ya saba, amebebwa katika mbeleko ya ngozi ya mbawala. Babu aliyeleta ngozi ndiye humpa mtoto jina. Na kwa kuwa ngozi huhitaji siku nne kukauka na kulainishwa kwa mafuta, babu wote wawili walikuwa na siku tatu tu za kuwinda.

Mrindoko aliitaka sana ngozi hiyo. Mkewe, Nakijwa, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na hakuna mtoto katika ukoo mzima aliyekuwa na jina lake. Hakumweleza mtu. Alitia unga wa mtama mweupe katika mfuko, akachukua upinde, akaondoka.

"Mkwe, usijichoshe," Senkondo alimwambia walipokutana kivukoni. "Jina nimeshalichagua. Wewe njoo na meno tu, nyama nitaleta mimi."

"Goti lako linakubali kupanda?"

"Goti halipigi mshale."

Siku ya kwanza ilipita, na ya pili, na Mrindoko hakuona hata unyoya wa mkia. Siku ya tatu, mchana, ukungu ulishuka mzito kiasi kwamba ncha ya upinde wake mwenyewe ilififia. Alikuwa akitafuta njia ya kurudi nyumbani alipoona tone la damu juu ya jani, mbichi bado. Mbele kidogo akaona lingine. Aliyafuata matone hayo taratibu, ameinama, mpaka kwenye kichaka cha mibangubangu, na pale alimkuta mbawala dume amelala, amekwisha kufa.

Mrindoko aliinua mguu ili auweke juu yake. Ndipo alipouona mshale.

Ulikuwa na manyoya ya kanga, yamefungwa kwa uzi mwekundu. Hakukuwa na haja ya kuuliza ni wa nani; Senkondo peke yake ndiye aliyefunga mishale hivyo. Ulikuwa umeingia nyuma ya bega, pale pale panapotakiwa, na kwa jinsi ulivyoinama, ulikuwa umetoka mbali, kutoka mgongo wa magharibi, juu ya mto. Mrindoko alijua kwamba yeye hajawahi kupiga mshale kama ule.

Mguu wake ulikuwa bado hewani. Sheria ilikuwa upande wake. Alimkumbuka Nakijwa, jinsi siku moja walipotoka mnadani alivyokuta kisu cha mtu kimejichanganya katika mzigo wake, akageuka kukirudisha, nusu siku ya kutembea, na mzigo wote kichwani. Mrindoko alijiona amembeba mjukuu, akiita jina la mwanamke huyo juu ya ngozi aliyoipata hivi.

Akarudisha mguu chini.

Aliita kwa sauti. Senkondo alimjibu kutoka chini mtoni, lakini katika mabonde yale sauti huzunguka, na jibu lililofuata lilitoka mbali zaidi. Mwenye goti bovu alikuwa akielekea kusikokuwa na kitu, na damu, katika ukungu ule, isingeonekana na mtu asiyeinama.

Mrindoko alifungua mfuko. Alirudi mpaka kivukoni, na kuanzia hapo akaweka ukofi mdogo wa unga juu ya kila tone la damu, akipanda mlima. Alipofika kwa mbawala zilibaki konzi mbili. Alizinyunyiza ubavuni mwa mnyama, ili asipitwe. Kisha alilegeza uzi wa upinde, akaulaza chini, akaketi kando.

Senkondo alifika akihema, vidole vyeupe kwa unga aliokuwa akiupapasa njiani.

"Mkwe," alisema, "kuku ndio huitwa kwa unga. Mimi umenionaje?"

"Nilijua chakula hakiwezi kukupita."

Senkondo alimtazama mbawala, akautazama upinde uliolegezwa. Utani ulimtoka usoni. "Umeweka mguu?"

"Sijaweka. Mshale si wangu."

"Ungenyamaza nisingejua."

"Nakijwa angejua," Mrindoko alisema, halafu akajutia kulitaja jina hilo, akainuka kumsaidia kufunga miguu ya mnyama.

Siku ya saba mtoto alitolewa nje. Senkondo alimwita Mbazi, jina la mama yake mzazi, kama alivyokuwa amemwahidi mama huyo. Ilikuwa haki yake, na Mrindoko alipiga makofi pamoja na wengine. Alipompokea mtoto aliona ngozi ina vidoa vyeupe. Alivisugua kwa kidole gumba. Havikutoka. Jioni ile mke wa Senkondo alimletea bega la mbawala, na mfuko wake wa unga ukiwa umejaa hadi shingoni.

Ule unga uliobaki mlimani haukupotea. Mbawala wa migongo yote miwili waliufuata kwa harufu. Walipoinama kuulamba uliwapaka kooni. Waliposhiba walilala juu yake, na umande ukaugandisha ubavuni mwao. Ndama waliozaliwa baadaye walizaliwa hivyo hivyo.

Miaka miwili ikapita, Namkunda akajifungua tena, mtoto wa kike. Mrindoko alitoka na upinde wake. Senkondo alibaki kibarazani siku zote tatu, akisema goti limekataa kabisa. Mrindoko alipata mbawala siku ya pili, wa mshale wake mwenyewe, akampa mtoto jina la Nakijwa. Siku hiyo ya jina, Senkondo alionekana akiruka mfereji kuwahi nyama.

"Goti limepona?" Mrindoko alimuuliza.

"Limesikia harufu," Senkondo alijibu.

Na tangu siku hiyo, mwindaji wa Ikweni akikuta damu ya mnyama wa mwenzake haifukii. Huitia unga, hulegeza upinde, na kungoja. Na mwenye mshale humpa bega, na kumrudishia mfuko ukiwa umejaa. Na mbawala naye hutembea na weupe wake kooni na ubavuni. Mwindaji akimwona, kabla ya kuvuta uzi, humkagua kwanza ubavu mzima, ahakikishe kwamba kilicho pale ni unga mtupu, na si manyoya ya mshale wa mtu.