Sikio la Kwanza

Hapo zamani, katika mji wa Mbalizi, palikuwa na gereji moja yenye mafundi watatu na sheria mbili. Nipeni masikio yenu. Nitayarudisha yakiwa na mzigo.

Fundi mkuu aliitwa Lwitiko Mwambungu, mtu wa miaka sabini na mmoja. Wa pili Ambonisye Kalinga. Wa tatu Uswege Mwakyoma. Sheria ya kwanza ilisema: mzee hapewi injini baridi, kama asivyoandaliwa chakula kilichopoa. Sheria ya pili ilisema: fundi aliyetangulia kuisikiliza injini ndiye msemaji wake, wengine hawafungui kinywa mpaka waulizwe.

Siku moja akaja Bibi Tusajigwe, mjane wa Eliakimu Mwalwisi, akiendesha gari la mbio la milango miwili. Eliakimu alilijenga upya kwa miaka tisa, na injini ya namna ile haikuwapo nyingine nchini. Hawakujaliwa mtoto. Siku ya kufa kwake alimshika mkewe mkono akamwambia, "Usiiache inyamaze." Tangu hapo kila alfajiri mjane aliiwasha, akasimama kando, akasikiliza. Cha mumewe kilichobaki kilikuwa hicho tu.

"Asubuhi nikiiwasha," akamwambia Mwambungu, "inagongagonga kama kokoto ndani ya mkebe. Pumzi tatu tu, kisha inatulia."

Mwambungu akamwambia aliache gari lilale pale, naye atalisikiliza asubuhi. Asubuhi Ambonisye akawahi kufika. Akalifuta umande, akaliwasha, akalipasha moto kama sheria ilivyotaka. Mwambungu akaja. Akasimika bisibisi ndefu juu ya injini, akaweka sikio kwenye mpini. Injini ilikuwa ya moto, oili imepanda, cheni ya ndani imekazwa. Haikugonga. Akasema ni nzima.

Mjane akarudi mara ya pili. Gari likalala. Ambonisye akalipasha moto. Mwambungu akasikiliza. Akasema ni nzima.

Mjane akarudi mara ya tatu. Gari likalala. Ambonisye akalipasha moto. Mwambungu akasikiliza. "Mzee wangu," mjane akasema, "asubuhi inalia." Mwambungu akamjibu, "Mama, hata magoti yangu hulia asubuhi, na bado nimefika kazini." Mafundi wakacheka. Mjane naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Hata hivyo Mwambungu akaagiza oili ibadilishwe. Uswege akaimwaga. Ndani ya beseni akaona vipande vya plastiki ya kahawia, vidogo kama maganda ya mtama. Akavijua. Ndani ya injini ile cheni huteleza juu ya vibao vya plastiki vinavyoiongoza. Vibao vikilika, cheni hulegea, na siku moja huruka meno. Akamwendea mzee akamuuliza kama oili ile haikubeba kitu. Mzee, bila kuinua kichwa, akasema oili kazi yake ni kubeba. Uswege hakuonyesha alichokishika. Akavifunga vipande katika kitambaa, akanyamaza kama sheria ya pili ilivyotaka.

Siku ya tano baada ya kurudishiwa gari, mjane akipanda mlima, cheni iliruka. Valvu zikagongana na pistoni, pistoni ikavunjika, na ukuta wa injini ukatoboka. Gari lilivutwa kwa kamba mpaka gereji. Walipoifungua injini, vibao vilikuwa vimelika hadi chuma. Hapakuwa na cha kutengeneza.

Desturi ya gereji ile ilikuwa kwamba fundi aliyeua injini humkabidhi mwenye gari sanduku lake la spana, wala hashiki tena kazi hiyo maisha yake yote. Mjane akasimama mlangoni. Masanduku matatu yakawekwa mbele yake.

Mwambungu akasema, "Chukua langu. Mara tatu uliniambia asubuhi, na mara tatu nilisikiliza injini iliyokwisha kupashwa moto. Nililiamini sikio langu kuliko lako."

Ambonisye akasema, "Chukua langu. Mzee asingeweza kusikia. Kila alfajiri mlio ule niliusikia mimi, nikadhani ni baridi tu. Niliufuta kwa mkono wangu kabla hajafika."

Uswege akasema, "Chukua langu. Hawa hawakujua. Mimi nilijua." Akafungua kitambaa.

Mjane akavitazama vipande. Kisha akasema, "Na mimi? Sikio la kwanza lilikuwa langu. Niliambiwa ni nzima, nikajua si nzima, nikaendesha. Niliona haya kumbishia mzee mara ya nne." Akauliza kama wanaye fundi wa kumrudishia sauti ile. Akasema, "Sanduku moja nitalichukua. Yote matatu siwezi kuyabeba."

Akainama, akanyoosha mkono. Mwambungu hana shamba wala mtoto, ana spana. Ambonisye alitenda alivyofundishwa. Uswege alitii sheria waliyoitii wote.

Nanyi mnaosikiliza, mkono ule ungali hewani. Je, achukue sanduku la nani? Au aondoke mikono mitupu, kwa kuwa mwenye kosa ni yeye?