Nyati Alivyokwenda Kupumzika Chakozi

— Nianze?
— Anza, tukufuate!
— Nikikwama?
— Tutakusukuma!
— Nikidanganya?
— Danganya vizuri!

Jumatano, saa mbili asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, Nyati alivuka mlango wa bahari kwa miguu akaingia kisiwa cha Chakozi. Alikuja kupumzika. Mgongoni alibeba hema, gunia la majani ya kula na marobota mawili ya kamba.

Chakozi ina ufukwe mmoja tu. Pande nyingine ni mwamba na mikoko. Juu ya ufukwe huo wanaishi kaa, na kaa aliyekuwa karibu na njia asubuhi ile aliitwa Mize. Ukimweka Mize ndani ya kifuu cha nazi, anapata nafasi ya kugeuka. Chini ya tumbo alikuwa amebeba mayai. Mayai ya kaa huoshwa baharini siku ya bamvua, maji yanapojaa kuliko siku nyingine. Siku hiyo ikipita, mayai yanakauka. Bamvua lilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni.

Nyati akatembea ufukweni, du! du! du! Akaona kidimbwi mwambani.

"Hiki cha nani?"

"Cha wote," akasema Mize. "Tunaogelea hapo."

"Cha wote maana yake ni changu."

Akajitupa, puu! Maji yakamwagika yote, visamaki vikabaki vikirukaruka juu ya jiwe.

Du! du! du! Akaona watoto wa kaa wakicheza mpira wa tunda la mtomondo kwenye mchanga mgumu.

"Uwanja huu wa nani?"

"Wa wote. Watoto wanacheza."

"Wa wote maana yake ni wangu."

Akalala katikati ya uwanja, mpira akauweka kichwani kama mto.

Du! du! du! Akaona njia ya kwenda mwambani, wenyeji wanakokwenda kutazama viti vya pweza, wale wanyama wa baharini wenye umbo la nyota, maji yakipwa.

"Njia hii ya nani?"

"Ya wote, bwana. Ila ukanyage taratibu."

"Ya wote maana yake ni yangu."

Hakukanyaga taratibu.

Kisha akafunga kamba, kutoka mwambani mpaka kwenye mikoko, akaning'iniza bango: MAPUMZIKO. WENYEJI WASIPITE. Bahari ikabaki upande wake. Mashimo ya kaa yakabaki upande wa pili.

Jioni hiyo Shangazi Mwatime, mkubwa wa kaa wote, alipita chini ya kamba kwenda kujilowesha, kama alivyofanya kila siku maishani mwake. Nyati akainua kwato. Paa! Shangazi akarudi mbio. Mguu wake mmoja ukabaki mchangani.

"Nimeandika wasipite," akasema Nyati. "Mtu anatoka mbali kuja kupumzika, nyinyi mnampitiapitia!"

Alhamisi kaa walikutana.

"Tumwombe," akasema mmoja.

"Nimemwomba. Amenitemea majani."

"Basi tungoje. Mgeni huondoka."

"Gunia lake ni la wiki mbili," akasema Mize. "Mayai yangu ni ya kesho."

Shangazi Mwatime alikuwa akifunga kidonda kwa mwani.

"Huyu si amekuja kucheza?" akasema Mize. "Kuna mchezo hajauona."

Ijumaa, saa tano asubuhi, Mize alikwenda mpaka kwenye kamba. Hakuivuka. Upande wa pili Nyati alikuwa anapiga mpira, anaukimbilia, anaudaka mwenyewe.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Nani anaongoza?"

"Mimi."

"Na anayefungwa?"

Nyati akautupa mpira. "Nimeogelea. Nimecheza. Nimetembea mwambani. Hamna kingine kisiwa hiki?"

"Kipo, ila si cha kila mtu. Kuzikwa mchangani. Unalala, unafunikwa, uchovu wote unatoka mifupani. Wadogo huzikwa mpaka magoti. Wenye vyeo mpaka kiuno."

"Na mpaka shingo?"

"Hajatokea."

"Ametokea," akasema Nyati. Kisha akatazama bahari. "Maji hayaji?"

"Yanakuja, nisikufiche. Wadogo wakiyaona hukimbia."

"Mimi nikimbie maji? Ita wenzako mnizike. Mkimaliza, mrudi nyuma ya kamba."

"Tutarudi, bwana."

Wakaja kaa themanini, wakaanza kuchimba. Para para para! Para para para! Shimo likawa kubwa. Nyati akashuka, akakunja miguu, akalala. Kaa wakamfunika kwa mchanga wenye maji, wakaushindilia kwa magando. Pa! pa! pa!

"Inatosha, bwana?"

"Zaidi!"

Para para para! Pa! pa! pa!

"Inatosha?"

"Kwani mimi nani? Zaidi!"

Saa nane mchana Nyati alikuwa kichwa kitupu. Kaa wakarudi nyuma ya kamba, mmoja baada ya mwingine, kama walivyoahidi.

"Unajisikiaje, bwana?"

"Raha," akasema Nyati. Akasinzia.

Saa tisa na robo, shwaa! Wimbi la kwanza likamlowesha kidevu. Akafumbua macho. Akaona Mize amepitisha mguu mmoja chini ya kamba.

"We! Rudi!"

Mize akapitisha wa pili.

"Husomi bango?"

"Nasoma."

"Huniogopi?"

"Tunakuogopa sana, bwana. Ila leo tuna kazi."

"Nitakukanyaga!"

Mize akatembea mpaka mbele ya pua yake, akasimama.

"Nikanyage," akasema.

Nyati akavuta miguu. Miguu haikuja. Akavuta tena, akakoroma, akatoa macho. Mchanga haukujongea hata kidogo.

Mize akawageukia wenzake. "Haya, tupite."

Wakapita. Walipita kushoto kwake, wakapita kulia kwake, na wengine wakapita juu ya pua yake kwa sababu ndiyo ilikuwa njia fupi. Shangazi Mwatime alipita wa mwisho, akichechemea.

"Ufukwe huu wa nani?" akauliza.

"Wa wote!"

"Maana yake?"

"Maana yake wa wote!"

Saa kumi bahari ilijaa. Kaa waliingia majini, wakajitikisa, mayai yakasambaa kama vumbi, yakachukuliwa na wimbi. Maji yalimfikia Nyati puani.

"Bi Mize! Mwanangu! Nitoe, nakufa!"

"Vuta pumzi, bwana. Wimbi likikoroga mchanga utakuachia."

Shwaa! Mchanga ukalegea. Shwaa! Ukalegea zaidi. Shwaa! Chubwi! Nyati akachomoka, akasimama akikohoa. Hema lilikuwa linaelea. Kamba ilikuwa imeng'oka upande mmoja. Akainua kwato akitafuta wa kumkanyaga, lakini ufukwe ulikuwa mtupu. Kaa wote walikuwa majini, wametoa macho tu, wanamtazama.

"Kesho tunakuzika tena, bwana?" akauliza Mize.

Nyati akaanza kukunja hema lake.

Sasa sikilizeni funzo. Mgeni aheshimiwe. Akifunga kamba, isivukwe. Akisema chake, aachiwe.

— Aa! Mbona Mize kaivuka?
— Ndiyo maana namwonya.
— Watoto wake wameshafika baharini!
— Nao nawaonya.

Hadithi naitua hapa. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka aniachie nipumzike.

Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, Nyati alionekana akivuka kurudi bara, mchanga ukimdondoka masikioni. Alipoulizwa likizo ilikuwaje, alisema nzuri.