Vuai na Bao la Kiganjani

Hapo zamani, enzi ambazo mtu akitaka kucheza bao ilimbidi alifuate lilipo, kwa kuwa lenyewe halibebeki, palikuwa na mji uitwao Shangamele, na mtawala wake alikuwa Sultani Rukni. Utajiri wa Sultani huyu haukuwa dhahabu wala pembe, ulikuwa karakana. Mabao yote yaliyochezwa katika nchi ile yalichongwa humo, kwa mti wa mvule, tena mazito hata moja likihamishwa, wachukuzi walikuwa wakiwaaga wake zao kwanza.

Basi siku moja mafundi wa karakana wakamjia Sultani na wazo. Wakataka wachonge bao dogo la kuenea kiganjani, mtu alitie mfukoni mwa kanzu aende nalo atakako. Wazo hilo likampendeza Sultani asubuhi, na jioni likamtisha. Waziri wake, jina lake Sarahani, akamwambia, "Maulana, likitoka dogo, nani atanunua kubwa? Na hizo kete zake si zitamezwa na kuku?" Mafundi nao wakasema, "Maulana, tusipolitoa sisi watalitoa wa ng'ambo, nasi tutabaki kuyakalia mabao yetu kama viti." Ikawa Sultani hali akashiba wala halali akapumzika, leo aagiza mbao, kesho azirudisha.

Na katika mji ule alikuwako fukara mmoja, Vuai Makata, mtu asiye na kazi ila mdomo, na mdomo wenyewe haukujua siku ya mapumziko. Siku hiyo alikuwa kwa muuza kahawa, kikombe cha watu mkononi, akijisifu: "Jamaa zangu, mimi nawajua watu wa mji huu kama ninavyoyajua matundu ya kanzu yangu. Najua mtu anachokitaka kabla mwenyewe hajakijua!"

Lahaula! Nyuma yake alikuwa amesimama Waziri Sarahani. Kahawa haijapoa, Vuai yuko barazani mwa Sultani.

"Ewe Vuai," akanena Sultani, "nimeambiwa wewe wayajua matamanio ya watu."

"Maulana, kusema nilisema, lakini nilikuwa nanywa kahawa ya bure, na kahawa ya bure huniongezea elimu."

"Basi leo elimu hiyo itatufaa. Nilitoe bao la kiganjani au nisilitoe? Nataka kujua kama watu watalitaka. Jibu niletee Ijumaa, tena nilione kwa macho yangu, si maneno matupu."

Waziri akainama, akasema, "Na habari hii isifike ng'ambo, Maulana. Kwa hiyo asilichonge bao hilo, asilitaje, wala asimuulize mtu kama analitaka."

"Na akishindwa?" akauliza Sultani.

"Ahamishiwe Kisiwa cha Mbu, awe anawaambia mbu wanachokitaka."

Vuai akarudi nyumbani kama mtu aliyebeba mojawapo ya yale mabao ya mvule. Mkewe, Mize, aliposikia kisa chote akaweka mwiko chini.

"Wewe, Vuai? Wewe juzi nilikutuma bizari ukaniletea ufagio! Leo ndiye ujuaye mji mzima unataka nini?"

"Mke wangu, usinipige nikiwa nimekwisha kuanguka."

"Nami nitabaki na nani, wakikupeleka huko?" akasema Mize, na sauti ikamlegea. "Ubaya wako nimekwisha kuuzoea, mwanamume wee. Sina nguvu ya kuanza kuzoea mwingine."

Vuai akaenda kuketi kizingitini, akakusanya viganja vyake pamoja, akavitazama kana kwamba riziki yake iliangukia humo ikapotea. Mize akapita na ndoo, akasimama.

"Umeshika nini?"

"Sijashika kitu."

"Mbona waficha? Nionyeshe."

"Mize, hakuna kitu humu."

"Umenunua nini tena, Vuai? Fungua!" Akatua ndoo, akamkamata kidole kimoja kimoja akivikunjua kwa nguvu, na maji yakamwagika hata mlangoni. Alipokuta viganja vitupu akamkasirikia zaidi. Lakini Vuai alikuwa ametumbua macho, akacheka hata akakohoa. Akasema, "Mke wangu, kwa mara ya kwanza toka nizaliwe nimefikiri, nawe ndiwe uliyenifikirisha!"

Basi Ijumaa watu walipotoka msikitini wakamkuta Vuai katikati ya soko, amekaa juu ya gunia, kiganja cha kushoto amekikunja kama bakuli na kukikinga kwa goti, na vidole vya kulia vinatia humo, vinazungusha, vinatia tena. Mara acheke peke yake, mara apige paja, mara aseme, "Aa! Hapo umeniweza!"

Muuza ndizi akawa wa kwanza. "Yakhe, wafanya nini?"

"Sina ruhusa ya kusema," akajibu Vuai, asimtazame.

Heri angesema! Neno hilo likazunguka soko. Wakaja wawili, wakaja kumi, wakaja waliokuwa hawana habari wakasukumwa na wenye habari. Fundi cherehani mmoja akavitazama vile vidole vikitia, vikizungusha, akapiga kelele: "Huyu anacheza bao! Ana bao la kiganjani!"

"La kiganjani? Mama yangu!" akasema mchota maji. "Ningekuwa nalo mimi, foleni ya kisimani ningeiona fupi."

"Na mimi mume wangu ningemwona nyumbani," akasema muuza samaki. "Sasa hivi sura yake naikumbuka kwa kubahatisha. Baba Vuai, wauzaje?"

"Siuzi, dada."

"Haya niazime!"

"Siazimi."

"Choyo kitakuua, wewe mwenye kanzu ya matundu!"

Ikawa zogo. Waziri Sarahani akapita kwenda kuhakikisha kwamba mashua ya Kisiwa cha Mbu iko tayari, naye akasikia. Akapenya mpaka mbele, akainama sikioni mwa Vuai. "Nitazame mara moja tu. Aa, basi, chukua pete hii, unishikie zamu, niwe wa kwanza," akaivua, akamvisha mwenyewe, kidole chembamba pete inacheza.

Kule juu, dirishani mwa jumba lake, Sultani akaona soko lake limejaa kama siku ya sikukuu, akateremka. Watu wakampisha. Akasimama mbele ya Vuai, akanyoosha shingo, kiganja asikione. Akanyoosha tena, mpaka kilemba kikamshukia usoni. "Vuai," akasema kwa sauti ya chini, "hebu fungua kidogo."

Vuai akafungua. Kiganja kilikuwa kitupu, na uchafu kiasi.

Waziri ndiye aliyepiga kelele kwanza: "Hana kitu! Ametuchezea! Mashuani!"

Vuai akapiga magoti. "Maulana, nipime kwa masharti yako. Je, nimelichonga bao? Mikono ndiyo hii. Nimelitaja? Waulize hawa nani alilitaja. Nimemuuliza mtu kama analitaka? Ni wao walioniuliza mimi, hadi nimetukanwa. Ulitaka uone kwa macho yako. Basi tazama jinsi mji ulivyosukumana kwa bao lisilokuwapo. Na pete hii ni ya Waziri wako mwenyewe, kanipa apate zamu ya kwanza."

Sultani akaitazama pete, akamtazama Waziri, na Waziri akaanza kuyatazama maembe ya watu kama mtu aliyetumwa maembe.

"Basi nitalitoa," akanena Sultani. Kisha akasita. "Lakini Vuai, likitoka likawapo kweli, watalipenda kama walivyolipenda likiwa halipo?"

"Maulana, hilo hukuniuliza, nami namshukuru Mungu sana."

Sultani akacheka, na soko likacheka. Akaamuru Vuai apewe kanzu mpya, abaki na pete, na mashua ikavue samaki. Watu wakatawanyika. Sultani naye akapiga hatua mbili, akarudi, akamshika Vuai mkono, akamnong'oneza:

"Niambie kweli. Pale ulipokuwa ukicheza peke yako, bao halipo, kete hazipo, na mwenzako hayupo. Nani alishinda?"

Vuai akainamisha kichwa. "Nilifungwa, Maulana. Michezo yote."

Hapo Sultani akakaa chini palepale sokoni, juu ya gunia, akacheka mpaka walipokuja kumnyanyua. Nami hapa ndipo ninapoiacha, na ukiona nimetia chumvi, jua kwamba nilijizuia sana.