Chozi Kwenye Sarafu

Kama unamfahamu mtu aliyefiwa, mpelekee hii. Aisome taratibu.

Hapo kale watu wa milimani walichimba madini ya fedha na kugonga sarafu zao wenyewe. Lakini masokoni ziliaminiwa sarafu za ufalme wa bondeni tu, zenye sura ya mfalme. Kwa hiyo Tungaraza, mchonga mihuri ya kugongea sarafu huko milimani, aliinakili sura ile mstari kwa mstari. Mfalme alijua, na hakuwakataza.

Siku moja mtunza hazina wa mfalme aligundua kuwa sarafu za milimani zina mstari unaoshuka kutoka jichoni hadi kidevuni. Tungaraza akakamatwa. Adhabu ya kumdhihaki mfalme ilikuwa kukatwa mkono.

"Nani alikwambia kwamba mimi nalia?" mfalme alimuuliza.

"Sarafu yako, Mtukufu. Ile niliyoinakili ilikuwa na chozi."

Mtunza hazina akacheka. "Ule ulikuwa ufa, bwana wa milimani. Muhuri wetu ulipasuka, tukautupa. Nawe ukakaa kitako kunakili ufa?"

Baraza zima likaangua kicheko. Tungaraza aliutazama mkono wake wa kulia.

"Sikujua," alisema. "Tulisikia kwamba malkia amefariki mwaka ule. Mke wangu naye alikufa mwaka huo huo. Nikasema, kumbe mfalme ameamuru chozi lake lichongwe, wala haoni haya. Nililichonga kwa uangalifu kuliko taji."

Kicheko kikakatika. Wote walikumbuka kwamba malkia alipozikwa, mfalme alikataza mtu yeyote kulia mbele yake, naye alirudi barazani siku iyo hiyo kuamua kesi.

Mfalme aliiweka sarafu kiganjani, akapitisha kidole juu ya ule mstari.

"Ulipokuwa ukichonga, ulilia?"

"Nililia, Mtukufu. Kazi ilichelewa."

"Basi ulitulilia sote wawili."

Mtunza hazina aliuliza kwa sauti ya chini kama amwite mwenye panga. Machozi yalikuwa yakimtoka mfalme mbele ya baraza, na hakuyafuta.

"Mwacheni arudi kwao," alisema mwishowe. "Na kwenye muhuri wake asibadilishe kitu."

Funzo: Usimhesabu mtu kuwa hakuumia kwa sababu hukumwona akilia, huenda anangoja mmoja tu atakayemwonyesha kwamba kulia si aibu.