Matundu ya Chui wa Kasanda

Zamani, chui walipokuwa bado wakinywa maji na mbuzi, palikuwa na mama mmoja fundi wa ngozi, jina lake Nyamizi. Siku moja tajiri Kasanda alimletea ngozi ya chui aliyoirithi kwa mjomba wake. Ilikuwa imekakamaa kama gome, na panya walikuwa wameitoboatoboa.

"Nitengenezee zulia la sebuleni," akasema. "Namwoza binti yangu. Wakwe wakiona tundu au kiraka, shamba lako la migomba ni langu."

"Nimesikia, bwana," akajibu Nyamizi.

Akailoweka, akaikwangua, akaipaka mafuta ya kondoo na kuisugua mpaka ikalainika kama kanga kuukuu. Matundu hakuyagusa.

Siku ya harusi akaitandika mbele ya wakwe. Kasanda akakunja uso.

"Nyamizi, haya ni nini?"

"Ni matundu ya mkuki wako, bwana," akajibu Nyamizi, wote wakisikia. "Niliogopa kuyaziba, watu wasije wakasema chui huyu hukumuua wewe. Niyazibe?"

Wakwe wakamtazama Kasanda kwa heshima ambayo hakuwahi kuiona. Akakohoa, akakaa vizuri.

"Yaache," akasema. "Alikuwa chui mkali sana."

Baba wa bwana harusi akainama, akachungulia tundu lililokuwa karibu na mkia. "Na hili la huku nyuma, mkwe?"

"Hilo," akasema Kasanda, "ni pale aliponitambua, akageuka kukimbia."