Jina la Mtoto wa Gwakisa

Sogeeni basi, na mwenye simu mkononi aiweke chini, maana kisa chenyewe ni cha simu na sitaki kushindana nayo. Tena niseme mapema: leo sina cha kuchekesha.

Walikuwepo vijana watatu kwenye milima ya Rungwe, wanasoma chuo kimoja kidogo cha ufundi. Wenzao walisoma uashi na umeme. Wao walisomea kubuni programu za simu, yaani kuzipanga ili mtu yeyote akiishika simu ajue abonyeze wapi. Lusajo alijaliwa masikio: ukikaa naye dakika tano, utamweleza hata ulichomficha mama yako. Sekela alijaliwa mkono: akichora kitu, unakiona kama kilikuwepo siku zote. Tumpe alijaliwa ubishi. Ndiyo, ubishi! Mpe kitu kizima, atakurudishia na kasoro tatu, na zote za kweli.

Siku ya kwanza mwalimu aliwaambia somo lote lina mambo matatu. Mjue mtu atakayetumia. Mchoree njia fupi. Kisha mkabidhi ajaribu, na wewe ufunge mdomo. Wakaandika kwenye madaftari na kupiga mstari chini.

Kazi yao ya kwanza ilitoka kwenye zahanati ya bondeni. Gari la wagonjwa lilikuwepo, lakini wajawazito wa vitongoji vya juu walikuwa wakilisikia tu. Vijana wakatengeneza programu ya kuliita, wakaipeleka kwa Bibi Tupokigwe, ambaye mke wa mwanawe, Anganile, alikuwa na mimba ya miezi saba. Bibi akafurahi kupata wageni. Akapika ndizi, akachinja na kuku. Walipokwisha kula, Lusajo akauliza, "Bibi, umeelewa?"

"Nimeelewa sana, wajukuu zangu. Mmefanya kazi nzuri mno."

Tumpe hakubisha, alikuwa ameshiba. Sekela akaandika: mtumiaji ameridhika. Hakuna aliyempa bibi simu aibonyeze mwenyewe.

Miezi miwili ikapita. Mchana mmoja wa mvua kubwa, Anganile akashikwa na uchungu, na damu ikaanza kutoka nyingi. Mumewe alikuwa safarini. Bibi akachukua simu, akabonyeza palipoandikwa Ita Gari. Simu ikamuuliza: Una uhakika unahitaji gari la wagonjwa? Ndiyo. Hapana.

Swali lile alilitunga Sekela. Alitaka gari lisiitwe bure kwa kidole kilichoteleza, na mwalimu alimpa alama kwa ajili yake. Bibi Tupokigwe akalisoma polepole. Uhakika? Yeye si nesi, uhakika atautoa wapi? Akabonyeza Hapana, kwa maana ya kwamba mimi sijui, njooni mtazame. Kioo cha simu kikarudi kilikoanzia. Bibi akaketi, akamshika Anganile mkono. "Vumilia mwanangu, wanakuja." Wakasubiri mpaka alasiri. Kule bondeni gari lilikuwa limeegeshwa tu, dereva anasikiliza redio. Anganile akafa, na mtoto wake tumboni.

Vijana walikwenda msibani. Waliketi nyuma, kwenye majani, hawamtazami mtu. Bibi akawaona, akainuka katikati ya waombolezaji.

"Mliniuliza kama nina uhakika," alisema. "Sikuwa nao. Nikajibu kweli. Lakini siku ile mlipokuja kwangu niliwaambia nimeelewa, na sikuelewa kitu. Mgeni umeshampikia, amekula kwako, utamwambiaje kazi yake haifai? Nikawasifu. Basi leo nasema mbele za watu: sikuelewa."

Akaketi. Wakwe wa upande wa Anganile wakageuza nyuso, na tangu siku hiyo hawakumsalimu tena. Ningekuwa nimekaa karibu na Sekela, ningemwambia alie tu, maana lile swali lilikuwa na mwandiko wake.

Mwalimu alitaka kazi ile ifungwe. Wao wakakataa, wakaianza upya.

Lusajo akaacha kuuliza. Alipanda vitongoji vya juu kila wiki, akakaa kwenye majiko ya watu, akamenya ndizi na kutazama. Aliona simu ya nyumba inakaa kwenye kanga ya mama mkwe. Aliona mwenye mimba haamui peke yake. Akaona kubwa kuliko yote, kwamba kila mama mkwe anaogopa kuonekana ameita gari bure, mtaa mzima ukamcheka. Akarudi akasema, "Msimwulize chochote. Aite tu, nesi ndiye aamue."

Sekela akararua michoro yote ya zamani. Alichora upya kwenye karatasi, mara kumi na moja, na kila mara aliondoa kitu. Mwishowe ikabaki picha moja ya mwanamke amelala akishika tumbo, imejaa kioo kizima. Ukiigusa, sauti ya nesi inasema kwa Kinyakyusa kwamba tumesikia na tunakuja. Maneno ya kusoma hakuacha hata moja.

Tumpe akaichukua, akawapa bibi tisa, mmoja mmoja, akafunga mdomo. Kwake Tumpe hiyo ilikuwa adhabu! Bibi wa nne alikuwa ametoka kuosha vyombo, na kidole kilicholowa simu haikukitambua. Kwa bibi wa saba mtandao ulikatika, simu ikakaa kimya kama haijaguswa. Tumpe akarudi na orodha: mtu aweze kubonyeza kitufe cha ubavuni, na mtandao ukikatika iende meseji ya kawaida, na sauti isitoke mpaka zahanati iwe imepokea.

"Nimechoka, Tumpe," Sekela alisema. "Wewe hutosheki."

"Anganile yuko kaburini, wewe ndiye uliyechoka?"

Hawakusemeshana siku mbili. Siku ya tatu Sekela akafanya kila kilichoandikwa kwenye orodha.

Masika yaliyofuata, mke wa kijana mmoja wa vitongoji vya juu, Gwakisa, akaanza kutokwa damu, mimba yake ya kwanza. Mama yake Gwakisa aliingia mbio kutoka mvuani, vidole vimelowa, mtandao hakuna. Hakuogopa kuchekwa, hakutafuta pa kusoma, na kitufe kilikubali. Meseji ikafika. Gari likapanda. Mzazi akapona, na mtoto, msichana, akapona.

Sasa tegeni sikio vizuri. Gwakisa alifika chuoni na mama yake, na mtoto amefunikwa shali. "Jumamosi tunamtoa nje apewe jina," alisema. "Nimeapa ataitwa jina la aliyetuokoa. Kwetu majina hayachagui mwanamume wala mwanamke. Nitajieni moja tu."

Lusajo akasema, "Mimi nilikaa majikoni miezi mitano. Nisingekaa, mama huyu asingethubutu kugusa simu."

Tumpe akasema, "Angeigusa kwa kidole kilicholowa, na mtandao haupo. Ingekwenda wapi? Nani aliyepigania meseji?"

Gwakisa akasema, "Lakini picha aliyoiona mama yangu ilichorwa na Sekela."

Na Bibi Tupokigwe, aliyepata habari akashuka mlima kwa fimbo, alikuwa ameshafika mlangoni. "Mpeni la Anganile," alisema. "Asingekufa yeye, nyie watatu mngekuwa bado mnakula kuku wangu mkiandika kwamba nimeridhika."

Mama yake Gwakisa akamvuta mtoto kifuani. "Hapana, dada yangu! Nimwite mjukuu wangu jina la aliyefia kwenye uzazi? Afadhali aitwe Tupokigwe. Wewe ndiye uliyesema kweli mbele za watu, ukaaibika. Bila hiyo wangejuaje walipokosea?"

"La kwangu msithubutu," alisema bibi. "Kidole kilichobonyeza Hapana ni hiki hapa."

Sekela alikuwa akitazama sakafu. Alijua kwamba wote watatu waliokoa, na wote watatu waliua: mmoja aliuliza vibaya, mmoja alichora vibaya, mmoja hakujaribu. Alijua pia kwamba jina litakalotamkwa litaitwa kila siku kwenye milima ile, shuleni, kisimani, na Bibi Tupokigwe atalisikia kila siku mpaka afe.

Gwakisa akamgeukia. "Wewe dada ndiye pekee hujajipigia debe. Basi amua wewe. Nitakalolisikia kinywani mwako ndilo."

Lusajo akamtazama, Tumpe akamtazama. Mtoto akaanza kulia chini ya shali.

Haya, jamani. Lusajo, Sekela, Tumpe, Tupokigwe au Anganile? Je, ungekuwa wewe Sekela, ungetamka jina gani, na bibi amesimama mbele yako?